Ajansi Ilinituma Intérim kwa Patron Niliyemukimbia

Camionnette ya ajansi ilisimama. Dereva akageuza kichwa.

"We, shuka. Ni hapa."

Nikaangalia inje. Nikamwambia, "Apana chef, si hapa."

"Karatasi inasema hapa."

"Mi nakwambia si hapa!"

"Sha, shuka, wenzako wako na haraka!"

Nikashuka.

Mbele yangu kulikuwa geti ya kijani. Ile rangi ya kijani niliipaka mi mwenyewe, kwa hii mikono. Nyuma ya ile geti kuna kiti. Na ile kiti ilikuwa yangu.

Yaani nilikuwa nimetumwa kazi ya muda, kushikilia nafasi ya mutu, mahali nilipotoka kwa makelele nikisema sirudi hata wakinibeba.

Niliangalia chini kama ardhi itapasuka nipite. Haikupasuka. Nikapiga hodi.

Jina yangu ni Uthmani. Niko kijana wa Jabe, hapa Bujumbura. Masomo niliacha mapema, juu mi na mwalimu tulikuwa tunashindana kusema, na yeye njo alikuwa na fimbo. Mudomo yangu haina breki. Hiyo ijue kabisa tangu sasa.

Ile depo iko karibu na bandari. Ni ya Muzee Nasser. Mababu zake walitoka Oman, lakini yeye amezaliwa hapa hapa, na Kirundi anasema kunishinda. Mchele, mafuta, sabuni, vyote vinatoka Kigoma na meli, vinaingia kwake.

Mi nilikuwa pointeur. Ni ule mutu anasimama mulangoni na kuhesabu mifuko ikishuka ku lori. Ukikosea wewe, depo nzima imekosea. Muzee alinitoa sokoni nikisukuma mizigo ya watu, akaniweka pale. Alikuwa ananiita mwanangu. Si kwa kunidanganya. Ananiita hivyo hata akiwa amekasirika.

Siku moja akaniita pembeni.

"Mwanangu, kuna kampuni ya transit, ya kupitisha mizigo ku bandari, ni rafiki zangu. Wanatafuta pointeur wa kuaminika, kazi ya mwaka. Nataka niwapatie wewe."

"Kunipatia namna gani?"

"Inaitwa détachement. Unabaki mutu wangu. Mshahara inatoka kwangu, INSS yako, ile akiba ya uzeeni, iko kwangu. Ila asubuhi unaenda kufanya kazi kwao. Ikiisha, unarudi."

"Yaani unanifukuza?"

"Astaghfirullah! Nakutuma."

"Si ni kunifukuza polepole?"

Akacheka mpaka akapangusa macho. "Nenda ulale juu yake. Kesho utanijibu."

Ningelala tu, leo nisingekuwa naandika hii.

Sikulala. Nilienda kunywa chai Jabe na wenzangu wa depo. Alikuwepo Byamungu, chef wa wabebaji. Huyo ni Mucongomani wa Uvira, alikuja hapa akikimbia vita, mutu wa mwili mukubwa, akicheka vikombe vinatembea juu ya meza. Mi namwita yaya, yaani kaka mukubwa. Yeye ananiita petit, mudogo wake.

Nikawaelezea ile habari. Nilitaka wanishauri.

Byamungu akaweka kikombe chini.

"Kumbe petit, unaazimwa! Sawa ile sufuria kubwa ya matanga! Leo iko kwa mama Dorothée, kesho kwa jirani yake, na ikirudi iko na masizi mpaka masikio!"

Wakaanguka. Hata muuza chai aliacha kazi.

"Eh Sufuria, sogea kidogo!"

"Sufuria, wamekuosha leo?"

"Musimuguse, atawachafua!"

Mi pia nikacheka. Lakini nilicheka na meno tu. Mu roho kulikuwa kunawaka.

Asubuhi nikafika depo nimevimba. Sikungoja Muzee awe peke yake. Wabebaji walikuwepo, wateja walikuwepo, Bi Khadidja anayepika alikuwa anachagua mchele pale mulangoni.

"Muzee, mi si kitu ya kuazima. Kama unataka kuazima, azima sufuria zako."

Bi Khadidja akaacha kuchagua mchele.

"Uthmani," akasema pole pole, "nani amekwambia hiyo maneno?"

"Hakuna mutu! Kama haunitaki, sema haunitaki! Kuna ajansi za intérim mu centre-ville zinatafuta watu. Kule najiuza mi mwenyewe, hakuna mutu ananigawa sawa biskuti!"

"Kaa chini nikueleze."

"Apana."

"Dakika moja, mwanangu."

"Nimesema apana!"

Nikavua jile ya depo, ile fulana ya kazi, nikaitupa juu ya kiti. "Sirudi hapa hata munibebe!" Nikatoka.

Byamungu alinifuata mpaka barabarani, anahema. "Petit! Petit, ilikuwa mchezo! Rudi, usiwe mujinga!"

Sikugeuka. Nilikuwa najiona mwanaume kweli kweli.

Ku ajansi nilikuta dada mumoja anaitwa Joëlla. Huyo dada sitamusema vibaya, juu alinieleza yote wazi.

"Sikiliza. Sisi njo tunakuandika, lakini unafanya kazi kwa client. Hiyo njo intérim. Wanatuita mutu, tunakutuma. Mission ikiisha, unarudi nyumbani unangoja simu. Usipokuwa na mission, hatukulipi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Wote wanasema wameelewa," akasema, akanipatia jile ya rangi ya machungwa.

Mwanzo ilikuwa tamu, nisidanganye. Kwa siku walilipa kuliko Muzee. Nilinunua viatu. Nilipita Jabe polepole ili wanione.

Kisha nikatumwa Kibenga, hoteli mupya, kubeba viti na kupanga meza. Chef wa pale hakuniuliza jina hata siku moja.

"Eh Intérim, leta ngazi!"

Tulikuwa wawili wa ajansi. Akiita, tunageuka wote wawili. Mwenzangu akaniambia, "Wewe uwe Intérim mukubwa, mi nitakuwa mudogo." Tukacheka. Lakini siku ya mwisho, mulinzi wa geti ambaye nilikuwa namsalimia kila asubuhi aliniuliza, "We ni nani? Unatafuta nani hapa?"

Mission ikaisha. Simu ikanyamaza.

Kungoja simu ni kazi ngumu kuliko kubeba mifuko. Unaiweka karibu na sahani. Unaenda nayo chooni. Mutu akikupigia kukusalimia tu, unamukasirikia.

Mama akaanza kuniangalia.

"Uthmani, leo pia huendi kazini?"

"Muzee amenipa congé, mama."

"Congé tena? Huyo Muzee ana roho nzuri. Mungu amuzidishie."

Akanyoosha mikono, akamuombea Muzee Nasser dua ndefu, mbele yangu. Kazi yake, watoto wake, afya yake.

Nikasema amina. Ningesema nini?

Njo katika hiyo hali Joëlla akapiga. "Kuna depo inataka pointeur wa muda. Kuja asubuhi, camionnette itakupeleka." Sikuuliza depo ya nani. Mutu mwenye kiu haulizi maji ya bomba gani.

Na ile camionnette njo ikanishusha mbele ya geti ya kijani.

Muzee Nasser aliponiona alisimama. Alisimama sawa anavyosimama kwa wateja wakubwa. Akanipa mukono.

"Karibu, bwana Uthmani. Umetoka ajansi? Vizuri. Kazi unaijua."

Bwana Uthmani!

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha kabisa, majibu yalikuwa mu mudomo yamepangwa. Lakini si ya hii "bwana". Nikakaa ku kiti yangu, nikaanza kuhesabu mifuko, masikio yanawaka moto.

Wabebaji walinisalimia vizuri. Hakuna aliyecheka. Ningependa wacheke.

Saa ya kula ikafika.

Sasa ujue desturi ya ile depo. Wote wanakula sinia moja, chini ku mukeka. Muzee, dereva, wabebaji, Muislamu, Mukristo, mikono yote mu sinia. Mugeni njo anapakuliwa sahani yake peke yake, na kijiko, anakaa mezani. Ni heshima. Miaka yote mi mwenyewe njo nilikuwa napelekea wageni ile sahani.

Nikanawa mikono. Nikaenda ku mukeka, nikakunja miguu mahali pangu.

Bi Khadidja akanigusa bega. "Baba, ya kwako iko pale."

Nikageuka. Mezani kulikuwa sahani, kijiko, glasi ya maji imefunikwa.

"Bi Khadidja, mi si mugeni."

Hakukasirika. Aliniangalia tu kifuani. "Hiyo jile ni ya nani?"

Nikajiangalia. Rangi ya machungwa, jina ya ajansi kubwa kabisa.

Nikasimama, nikaenda mezani mbele ya watu wote. Walikuwa wamenichagulia kipande ya mukeke, samaki munene, ile nzuri kuliko zote. Nilikula peke yangu na kijiko, nasikia nyuma yangu wanacheka mambo yao, wananyang'anyana ukoko, Muzee anawatania. Ile samaki sikusikia ladha yake.

Kila siku ilikuwa hivyo.

Na kuna kitu nilikuwa naona, sikielewi. Muzee alikuwa anakuja anasimama karibu yangu pale mulangoni. Anakohoa.

"Unahitaji kitu, bwana Uthmani?"

"Apana, muzee."

"Kama kuna kitu, sema tu."

"Hakuna."

Anangoja kidogo. Kisha anaenda.

Mi nilidhani ananicheza. Nikasema moyoni, huyu muzee anataka nipige magoti. Hataniona nikipiga.

Nikauliza dereva, "Hii nafasi ninayoshikilia ni ya nani? Nani alikaa hapa baada yangu?"

Dereva akaangalia viatu vyake. "Utamuona Ijumaa. Ijumaa anakuja kula."

Ijumaa, baada ya swala, tukawa tunatayarisha chakula. Geti ikafunguka, na vikombe vyote vikatetemeka.

"Nyumba hii! Munakula bila mi?"

Byamungu. Amevaa nguo za buluu za kampuni ya transit, badge kifuani, viatu vya kazi vinang'aa.

"Détaché! Détaché amerudi!" wabebaji wakapiga kelele. Muzee akasogea, akampa nafasi. Akakunja yale magoti yake makubwa, akakaa. Mahali pangu.

Njo hapo nikaona yote. Yaani nilijiambia nimeona yote. Aliniita sufuria mbele ya watu ili nikasirike. Nikakasirika. Nikatoka. Akachukua kiti yangu, kisha akachukua na ile détachement yangu. Na mi niko nalinda kiti yake na jile ya machungwa, nakula na kijiko!

Kijiko ikanitoka. Nikasimama.

"Byamungu, we ni nyoka!"

Mikono yote ikasimama mu sinia.

"Petit..."

"Usiniite petit! Ulichekesha watu juu yangu ili unitoe hapa! Ulitaka nafasi yangu, ungeniomba! Mukimbizi we, tulikupokea, unatuchimbia shimo!"

Hiyo neno ya mwisho niliisikia ikitoka. Nilitaka kuirudisha. Ilikuwa imeshafika.

Byamungu alishusha macho. Ile uso ninayoijua inacheka, ilizimika. Akasema kwa sauti ndogo, "Kula kwanza, petit. Tutaongea baadaye."

Muzee Nasser njo alisimama. Alikuwa bado na chakula mukononi.

"Unajua ni nani alikuita hapa?"

"Ajansi."

"Ajansi imepigiwa simu na nani?"

Nikaangalia kijiko pale chini.

"Ulipotoka, huyu nilimwambia aende bandari. Alikataa. Aliniambia, muzee, ile nafasi ni ya Uthmani, tumungoje. Tulingoja, yeye akishikilia kiti yako, mpaka wale rafiki zangu wakachoka. Akaenda kukutafuta kwenu."

"Kwetu hakufika!"

Byamungu akasema, bado anaangalia chini, "Nilifika, petit. Nilimukuta mama. Aliniambia uko mu congé, Muzee amekupumzisha. Nikaona hajui kitu. Nikamwambia ndiyo mama, ni kweli, nimepita kumusalimia tu. Nikarudi."



Mama hakuniambia kuwa alikuja. Kwa nini angeniambia? Kwake ilikuwa ni salamu.

"Alipokubali kwenda," Muzee akaendelea, "aliweka sharti moja. Nisiandike mutu mupya ku kile kiti. Nichukue intérim, na yule intérim uwe wewe, ili urudi ndani bila kuaibika mbele ya watu. Mi nikasema sawa, lakini mi pia niko na sharti yangu. Uliondoka kwa mudomo wako, uombe kurudi kwa mudomo wako. Neno moja tu. Wiki nzima hii, sisi wote tuko tunangoja hilo neno."

Nikaangalia wale watu. Dereva. Wabebaji. Bi Khadidja na kitambaa chake mukononi. Wote walikuwa wanajua. Kumbe ile kunyamaza yao ilikuwa kunilinda.

Na neno la kwanza nililotoa ilikuwa nyoka. La pili, mukimbizi.

Byamungu akasogea pembeni ku mukeka, akaacha nafasi kati yake na Muzee. Akapiga pale na mukono.

"Kuja ukae."

Ndugu zangu, mutu niliyemutukana hivyo ananiambia nikae karibu yake. Angenipiga ngumi, ningelala vizuri ile siku.

Nikasema, "Nimeshiba."

Nikatoka inje, nikasimama nyuma ya lori, nikalia na meno yamefungwa ili wasisikie.

Mission iliendelea kidogo. Nikawa nahesabu mifuko bila kuinua uso. Byamungu nilimuomba samahani ku simu, juu uso kwa uso niliogopa. Akanijibu, "Imeisha, petit. Lakini ile neno usimwambie mutu mwingine. Wengine hawatasamehe." Hakucheka kama zamani.

Siku ya mwisho nikaingia mu ofisi ya Muzee. Camionnette ilikuwa imeshafika, inapiga honi.

"Muzee, nimekuja kuomba."

Akaweka kalamu chini. Akaniangalia sawa zamani, nawaapia, sawa zamani kabisa.

"Omba, mwanangu."

Mwanangu! Alisema mwanangu!

Maneno yalikuwepo. Naomba kurudi. Ni maneno mawili, hata mutoto anaweza. Nikafungua mudomo, nikaona ule mukeka mu kichwa, nikaona Byamungu anashusha macho. Nikajiuliza, nitakaa pale na uso gani?

"Naomba samahani, muzee."

"Samahani umepata tangu zamani. Na kingine?"

Honi ikapiga tena.

"Hakuna kingine."

Alikaa ananingoja. Aliningoja sana, mpaka mi njo nikaangalia kando. Kisha akachukua kalamu yake.

"Haya, bwana Uthmani. Mungu akutangulie."

Nikapanda camionnette.

Juzi nimesikia ameandika pointeur wa kudumu, kijana mumoja anaitwa Destin. Wanasema anahesabu vizuri na haongei sana. Mwaka wa Byamungu ukiisha, yeye anarudi kuwa chef wa wabebaji, kiti yake iko pale pale. Mi niko naandika hii nikingoja simu ya Joëlla.

Sasa mnaosoma, musije mukasema Uthmani anakataza intérim. Apana. Kuna watu intérim imewalisha mpaka wamejenga, na Joëlla hajawahi kunidanganya. Lakini kama patron anakwambia anakutuma kwa wengine, usiende kuuliza maana yake ku meza ya chai. Muulize yeye, swali moja: nikirudi, nafasi yangu iko? Akisema iko, nenda, wacha watu wacheke. Wanaocheka watacheka, kisha watalipa chai yao waende kulala.

Na ingine, hii njo inaniuma. Nilidhani nimepotezwa na hasira. Si kweli. Hasira ilinitoa mara moja tu, na wale watu walikuwa tayari kuisahau. Haya, ile aibu, njo ilinifunga mudomo mulango ukiwa wazi, na mutu mwenye mulango amekaa ananingoja.

Kama uko na neno la kuomba mahali, omba leo, hata ukiwa unatetemeka, hata uso ukiwaka. Uso utapoa.